Kila alama ina mwenyewe

Haya niliyasema Jumamosi kwa mama zetu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mwanga, Kigoma, wakiwepo na wenye maduka wenzangu na vijana wa bodaboda. Wengi wameniomba niyaandike, kwahiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee shikamooni, mama zangu na dada zangu habari za toka asubuhi, na nyie vijana mliopaki pale nje karibuni ndani, kuna sehemu inawahusu.

Mwenyekiti kaniomba niongee kuhusu zile alama zinazokaa kwenye bidhaa, TBS na vile vimstari na viherufi vya kizungu ambavyo wengi wetu tunavipita tu tukitafuta bei. Mi sio mtaalamu wa maabara, mi nina duka, na nimekaa nyuma ya kaunta miaka kumi na nne. Ila kuna kitu kilinitokea kikanilazimisha kujifunza haya mambo na ntakisimulia, na hapa mezani nimeleta vitu vyenyewe ili tuvishike, chupa ya maji, pakiti ya chumvi, kopo la losheni, helmeti, chupa ya mawese ya wenzetu, na hiki cheusi hapa mwisho ni ekstensheni ya umeme, au niseme ilikuwa ekstensheni.

Kabla ya hapo nianze na kitenge, maana kwenye kitenge nyie mama zangu mnanishinda. Mama wa Kigoma ukimpa kitenge hatazami ua kwanza, anakamata pindo anasoma. Kama ni ile wax ya Uholanzi, ya Vlisco, kampuni iliyoanza tangu 1846 kule Helmond, pindoni pameandikwa jina lake na kwamba ni wax halisi ya Kiholanzi. Na mama akishasoma hajamaliza bado, anakigeuza aone rangi imetokea upande wa pili sawasawa na huku, anakikunja, anakisugua na kidole, alafu ndo anauliza kimepitia wapi, Bujumbura, Kalemie au kimekuja na treni toka Dar. Kwanini anafanya yote hayo wakati pindo limeshasema? Kwasababu anajua pindo linaweza kuandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Anamtafuta mwenye maneno.

Hiyo akili ya kitenge ndo ninayoiomba leo kwenye chumvi, kwenye losheni na kwenye plagi. Alama yoyote ni neno la mtu. Kuna mtu kasimama mahali akasema jambo fulani kuhusu hicho kitu, na mara nyingi kasema jambo moja tu, sio yote. Kwahiyo ukiona alama jiulize hii ni ya nani, anasema nini, na mimi niliyeko Mwanga naweza kumuuliza wapi. Mengine yote ntakayosema yanatoka hapo.

Tuchukue maji. Chupa hii ni ya maji ya hapa nchini, nimebandua jina maana sijaja kumtangaza mtu. Ina vitu vitatu ambavyo wateja wangu wanavichanganya kila siku. Cha kwanza hii stika ndogo hapa kwenye kifuniko, hii ni stempu ya kodi ya kielektroniki, mwenyewe ni TRA, mamlaka ya mapato, zilianza 2019 kwa awamu. Inasema ushuru wa hii chupa umehesabiwa, na ukiwa na apu yao ya Hakiki Stempu unaweza kuiskani ukaona kama ni ya kweli. Haisemi maji ni safi. Nimeshaona mteja anamwambia mwenzie "haya ni salama yana stika ya serikali", na mi nilikuwa kimya siku hiyo, leo nasema.

Cha pili ni hivi vimstari, bakodi. Vinaanza na 620, na watu wanasema 620 maana yake imetengenezwa Tanzania. Hapana. Mwenye vimstari ni shirika linaitwa GS1 ambalo kazi yake ni kugawa namba dunia nzima ili mashine za dukani zisome, na 620 inasema tu kwamba kampuni imechukua namba yake kupitia Tanzania, kama ambavyo 616 ni Kenya. Kampuni ya hapa inaweza kuagiza bidhaa imefungwa China kabisa na ikabandikwa 620. Na kuhusu ubora vimstari havisemi neno hata moja, ni namba ya kuitia bidhaa kama wewe unavyoitwa jina, jina halisemi tabia.

Cha tatu ndo chenyewe, alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, sheria ya kwanza ilitungwa 1975 na hii inayotumika ni ya 2009. Hapa naomba mtulie kidogo. TBS inapompa mtu leseni ya kutumia alama, wamekagua anapotengenezea, wamechukua sampuli wakapima maabara wakalinganisha na kiwango kilichoandikwa, na viwango vyetu vina namba inayoanza na TZS, kwahiyo ukiona TZS kwenye lebo ikifuatiwa na tarakimu usidhani ni bei, ni namba ya kiwango. Na kazi haiishi siku ya kupewa leseni, wanatakiwa kurudi, kiwandani na madukani, wachukue tena.

Sasa leseni hiyo inafungwa kwenye bidhaa. Haifungwi kwenye kampuni nzima. Mtu anaweza kuwa na leseni ya maji na kesho akaanza kutengeneza juisi kwenye jengo hilohilo, hiyo juisi haina leseni mpaka iombewe yake, hata kama nembo ya kampuni ni ileile, na wapo wanaoihamisha alama toka kwenye maji kwenda kwenye juisi bila kumwambia mtu. Kwahiyo usiridhike kuona kampuni ina TBS, tazama hiki ulichoshika mkononi.

Na jingine, kabla ya 2019 chakula na vipodozi vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, mwaka huo vikahamishiwa TBS, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Kwahiyo mkikuta leo pakiti ya chakula inajisifu imesajiliwa TFDA, ulizeni hiyo lebo imechapwa lini, na kilichomo ndani kina umri gani.

Naja kwenye hiki cheusi.

Mwaka juzi nilinunua ekstensheni ishirini kwa muuza jumla, sio wa hapa, na simtaji. Boksi zilikuwa zinapendeza kuliko zote nilizowahi kuuza, zina CE kubwa, zina ISO 9001, zina viduara na vibendera, nyuma zimeandikwa maneno ya kizungu mengi. Nikazipanga mbele. Akaja jirani yangu, dada mwenye saluni, akaniuliza kaka hii nzuri? Mi nikamgeuzia boksi nikamwonyesha zile herufi, nikamwambia hii imepimwa Ulaya. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Akanunua.

Haikupita wiki mbili. Alikuwa amechomeka drai ya nywele na birika la umeme kwenye ekstensheni moja, akatoka nje kupokea mteja, akarudi pazia linawaka na mtoto wake wa miaka mitatu kalala kwenye kochi upande uleule. Mungu ni mwema mtoto alitolewa mzima. Yule dada alikuja dukani na hii kitu kwenye mfuko wa sandarusi, hakupiga kelele, aliiweka kwenye kaunta akaniambia "ulisema imepimwa". Akaondoka.

Nilimpelekea fundi umeme, mzee mmoja wa Gungu namheshimu sana, akaikata mbele yangu. Jambo la kwanza alilonionyesha ni plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zinafuata kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 1363, kipo toka 1947. Ile miguu miwili ya chini, ya umeme, shingoni inatakiwa iwe na plastiki, ili plagi ikiwa haijaingia yote kidole cha mtoto kisiguse chuma chenye moto. Lakini ule mguu mrefu wa juu, wa ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme ukivuja, unatakiwa uwe chuma kitupu mpaka kwenye shina, maana ndio unaoingia kwanza, unafungua vile vimilango vya soketi na unashika ethi kabla ya umeme kuingia. Hii hapa, tazameni, pitisheni mkono kwa mkono, mguu wa ethi nao umevalishwa plastiki nusu nzima. Plagi ya namna hii haiwezi kuwa imefuata kiwango, na kwenye baadhi ya soketi ethi haishiki kabisa. Huhitaji maabara kuliona hilo. Mimi niliuza tatu bila kutazama mguu.

La pili, plagi ya kiwango hicho ina fyuzi ndani, ndo maana ina kile kimlango cha kufungua kwa bisbisi. Ampia 13 kwa volti 230 ni kama wati elfu tatu hivi, ukizidisha fyuzi inakatika. Birika peke yake linaweza kula wati elfu mbili, ongeza drai. Humu fyuzi hamna, na mzee akaniambia pasipo na fyuzi waya ndo unageuka fyuzi, unaungua wenyewe ndani ya nyumba ya mtu. La tatu akaleta sumaku, akaiweka kwenye waya zenyewe ambazo rangi yake ni ya shaba kabisa, zikavutwa. Shaba haivutwi na sumaku. Zilikuwa nyuzi za chuma zimepakwa rangi ya shaba, nyembamba kama unywele.

Nikamuuliza, sasa CE je? Hapo ndo nikaanza kusoma usiku baada ya usiku. CE ni alama ya Umoja wa Ulaya. Anayeiweka ni mtengenezaji mwenyewe, akitamka kwamba bidhaa yake imetimiza sheria za Ulaya ili iuzwe kule. Kwa bidhaa nyingi hamna mtu wa nje anayepima kabla, anajitamkia na anatunza makaratasi, na ngao ya mnunuzi wa kule ni kwamba serikali zao zinaweza kumwomba hayo makaratasi na kumtoa sokoni akikosa. Sasa bidhaa ambayo haijawahi kwenda Ulaya, imetoka kiwandani moja kwa moja kuja huku kwetu, nani atamwomba karatasi? Neno limesemwa mahali ambapo hakuna wa kulisikiliza. Wengine wanasema eti CE ikiwa imebananishwa herufi ni "China Export". Alama rasmi ya jina hilo haipo. Kuna umbo la CE linalotakiwa, herufi zimeachana kwa nafasi na urefu usipungue milimita 5, lakini tapeli anaweza kuchapa umbo sahihi pia, kwahiyo msipoteze muda kupima nafasi ya herufi, pimeni mguu wa plagi.

Na ISO 9001 kwenye boksi, hii inaniuma zaidi maana inaonekana ya kisomi. Ni kiwango cha jinsi kampuni inavyoendesha kazi zake, utaratibu wa ofisi na kiwanda, kumbukumbu, kushughulikia malalamiko. Hakipimi bidhaa yenyewe. Na ISO wenyewe, shirika la kimataifa la viwango lililopo Geneva toka 1947, hawatoi cheti kwa kampuni yoyote, wanaandika viwango tu, vyeti vinatolewa na watu wengine, na hata kanuni zao zinakataza cheti hicho kuwekwa kwenye bidhaa kana kwamba bidhaa ndo imethibitishwa. Kwahiyo ekstensheni inayojiita ISO 9001 imeshavunja utaratibu kabla hujaifungua.

Zile kumi na saba zilizobaki nilizikata nyaya zote. Zile mbili nyingine nilizouza nilizunguka mpaka nikazipata, moja ilikuwa Katonga. Yule dada wa saluni tunasalimiana, lakini hanunui tena kwangu kitu cha umeme, na siwezi kumlaumu.

Vitu vya nje vina utaratibu wake hapa kwetu, toka 2012 bidhaa nyingi zinatakiwa zikaguliwe hukohuko zinakotoka na mawakala wa TBS kabla ya kupanda meli, na zinakuja na cheti. Ndo maana birika la kweli toka nje linaweza lisiwe na alama ya TBS mwilini na bado likawa halali, cheti kipo kwa aliyeagiza. Sisi wenye maduka hiki ndo kitu cha kumdai muuza jumla. Mi siku hizi naomba kopi. Wengine wananiambia hawana, basi, biashara inaishia hapo, na nimepoteza bei nzuri mara kadhaa.

Nipite haraka kwenye hii ya mitandaoni, dawa za kupunguza tumbo na za kuongeza makalio zinazoletwa kwa WhatsApp zimeandikwa FDA approved. FDA ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Na kwa sheria ya Marekani yenyewe FDA haiidhinishi virutubisho vya kumeza kabla ya kuuzwa wala haiidhinishi vipodozi, ukiacha mambo ya rangi, na nembo yao hairuhusiwi kuwekwa kwenye bidhaa ya mtu binafsi. Kwahiyo nembo hiyo kwenye kopo la vidonge vya kupunguza tumbo ni uongo kwa nchi zote mbili.

Losheni sasa. Dada zangu, najua hili ni gumu na sijaja kumhukumu mtu kwa rangi yake. Hili kopo lilikuja na boti toka ng'ambo ya ziwa. Lina picha ya mwanamke, lina maandishi ya Kifaransa mbele, na nyuma ambapo panatakiwa orodha ya vilivyomo hamna kitu, ni maelekezo ya kupaka tu. Kipodozi kisichosema kimetengenezwa na nini kimeshakujibu. Hapa nchini hydroquinone na zebaki, vitu vinavyowekwa ili kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na dunia nzima kuna mkataba wa zebaki, wa Minamata wa 2013, mwanzoni ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na sasa hata kiwango hicho kimeondolewa, kipodozi chochote kilichowekewa zebaki ni kosa. Zebaki inaingia kwa ngozi, inaharibu figo, inafika kwa mtoto tumboni, na inabaki kwenye taulo na mashuka ambayo watoto wanalalia. Kwenye lebo inaweza kujificha kwa majina, ukiona mercury, mercurio, mercuric au calomel, weka chini. Ukiona onyo usiguse dhahabu au fedha wakati unapaka, weka chini haraka zaidi, maana zebaki ndo inayokula dhahabu.

Na kile kipicha cha kikopo kilichofunguliwa kimeandikwa 12M au 6M, hicho ni cha msaada kweli, kinasema ukishafungua tumia ndani ya miezi 12 au 6. Wengi tunasoma tarehe ya kuisha tu tunasahau kwamba kopo lililofunguliwa saa yake imeshaanza.

Chumvi. Hapa nasema kwa moyo wangu wote maana chumvi ni yetu. Uvinza watu wamepika chumvi kutoka kwenye zile chemchemi tangu zamani sana, kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwarabu. Na hapohapo, mkoa huu wenye chumvi, wazee mnakumbuka watu wenye rovu shingoni kule milimani, Kasulu, Buhigwe. Rovu linakuja kwa kukosa madini joto, na mama mjamzito akikosa, mtoto anaweza kuzaliwa akili yake imepungua na haitarudi. Kwa hilo tu lebo ya "yenye madini joto" kwenye pakiti ya chumvi ni katika maneno yenye thamani kubwa dukani kwangu na watu hawalisomi. Chumvi ya kupima kwa kikombe toka kwenye gunia lililo wazi sokoni, hata kama iliwekewa madini joto, jua na unyevu unayapunguza. Nunueni ya pakiti, ifunikeni, isikae karibu na jiko. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko vocha.

Vijana wa boda. Helmeti. Geuzeni ndani, tazameni kwenye mkanda wa kidevu, palipo na kitambaa kimeshonwa. Ile iliyopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22 ina herufi E ndani ya mduara na namba pembeni yake, namba ndo inakuambia nchi iliyotoa kibali, 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, alafu chini kuna namba ndefu ya kibali. Stika iliyobandikwa nje na inabanduka kwa kucha usiihesabu. Na ukikuta ndani ni sponji laini tupu bila lile povu gumu jeupe linalofyonza kishindo, hiyo ni kofia. Abiria wako pia ana kichwa.

Halal mnaijua, wa Ujiji hamhitaji mimi niwaeleze, ila nakumbusha kwamba mwenyewe ni chombo cha dini, kwetu BAKWATA, na inajibu swali la dini, uchinjaji na vilivyochanganywa. Nyama ya kopo yenye alama ya halal na tarehe imepita bado imepita.

Sasa nimebakiza chupa hii ya mawese, na hii ndo imefanya nikubali kuja.

Haya mawese ni ya wenzetu, wanakikundi, wapo humu ndani na tulishaongea, wameniruhusu. Mawese mazuri, nimeyapikia dagaa mwenyewe. Lebo nzuri, ina picha ya mchikichi, ina namba ya simu. Na pembeni ina alama ya TBS. Nikawauliza leseni mlipata lini? Wakasema kijana wa steshenari aliiweka, aliitoa kwenye gugo, alisema lebo bila hiyo haipendezi.

Mama zangu, hapo ndo tunakuwa kama yule aliyeniuzia ekstensheni. Sio kwamba mafuta ni mabaya. Neno la mtu mwingine mmelitia kinywani mwake na yeye hajalisema. Na kisheria ni kosa, mzigo unaweza kukamatwa wote. Lakini kinachonitia uchungu ni kwamba njia ya kweli ipo karibu kuliko steshenari. Mjasiriamali mdogo anaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, na SIDO wapo hapa Kigoma, wanamfundisha usindikaji, wanampa barua ya utambulisho, anaipeleka TBS ambao nao wana ofisi ya kanda hapahapa mjini, na kwa wajasiriamali wadogo waliotambulishwa hivyo gharama za kupata alama zinabebwa na serikali miaka mitatu ya mwanzo. Watakuja kuona mnapokamulia, wataangalia sakafu, maji, madumu, nguo za kazi, watachukua sampuli. Mara ya kwanza mnaweza kukosa. Kundi moja la dagaa ninalolijua walikosa kwa ajili ya mchanga, wakajenga vichanja vya kuanikia, wakarudi.

Na mkishaipata, alama hiyo haiishii Kigoma. Kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006, alama ya ubora ya nchi moja inatakiwa kutambuliwa na nchi wanachama wenzake, kwahiyo mawese yenu yakifika Manyovu yanavuka kwenda Burundi, au Namanga kwenda Kenya, na alama ikiwa na mwenyewe mtu wa mpakani akipiga simu anajibiwa. Ile ya gugo akipiga simu hakuna anayewajua.

Na madumu. Kile kipembetatu cha mishale chenye namba chini ya dumu, 1, 2, 5, kilianzishwa na watengeneza plastiki wa Marekani 1988, kinasema tu ni plastiki ya aina gani ili wa kuchakata wapange. Hakisemi dumu linafaa kwa chakula, na dumu lililobeba dawa ya tumbaku au asidi lina kipembetatu hichohicho. Alama ya chakula ni ile ya kikombe na uma, na hata hiyo inahusu dumu likiwa jipya. Mawese yanakamata harufu na vitu vingine kutoka kwenye plastiki, na yakiwa ya moto ndo zaidi. Nunueni chupa mpya.

Mwenyekiti ananiangalia saa. Niliomba kila mtu aje na kitu kimoja kutoka nyumbani kwake, chochote chenye lebo, naona mifuko imejaa. Tuanze na bibi aliyekaa pale karibu na mlango, bibi shikamoo, naona una kopo la maziwa ya mtoto. Lete tulisome wote kwa sauti, kuanzia chini.